Chuma Kisichoshika Kutu na Mkono Ukioshao

Katika kila jiko kubwa la zama hizi, liwe la hoteli, la hospitali au la shule ya bweni, kitu cha kwanza kulaki jicho ni weupe wa madini. Meza za kukatia nyama, masinki, masufuria ya kupikia wali wa watu mia, vifuniko, miiko na milango ya majokofu, vyote hung'aa mng'ao mmoja wa fedha isiyo fedha. Mafundi na wapishi huyaita madini haya stenlesi. Lugha iliyotulia huyaita feleji au chuma kisichoshika kutu. Kwa kuwa yameenea mno, watu wengi hudhani mambo mawili juu yake: kwamba yalikuwapo siku zote, na kwamba usafi wake ni wa kuzaliwa nao, hauhitaji taabu ya mtu. Mawazo yote mawili si sahihi. Umri wa chuma hiki haujapita sana karne moja, na usafi wake ni mapatano baina ya madini, hewa na mkono wa mwanadamu. Mmoja wa hao watatu akivunja mapatano, kutu huingia.

Kabla ya chuma hiki, enzi ya jiko ilikuwa ya shaba. Neno sufuria lenyewe ni shahidi, kwani asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya shaba, ijapokuwa leo sufuria nyingi ni za aluminiamu. Shaba ina sifa moja kubwa kwa mpishi: hupokea joto upesi na kulitawanya sawasawa, chakula kisiungue upande mmoja na kubaki kibichi upande wa pili. Lakini shaba ina hila. Siki, ndimu, ukwaju na kila kitu kikali kikikaa ndani yake hula madini yake, na sumu huingia katika chakula. Kwa sababu hiyo chombo cha shaba hakikuaminiwa kuwa uchi. Ilipasa kivishwe bati upande wa ndani.

Kazi ya kutia bati ilikuwa ufundi kamili. Fundi alisugua chombo mpaka shaba ikabaki tupu, akakipasha moto juu ya makaa, akanyunyiza chumvi ya amonia ili kuondoa uchafu, kisha akayeyusha bati na kulipaka kwa pamba kabla halijaganda. Bati huyeyuka katika joto la digrii 232 tu, basi sufuria iliyosahauliwa motoni bila maji iliharibika dakika hiyo hiyo. Hata ile iliyotunzwa vyema ilichakaa kwa kusuguliwa, na fundi aliitwa tena. Upande wa nje nao ulikuwa na madai yake. Katika pwani ya Afrika ya Mashariki, majivu, mchanga, makumbi ya nazi, ndimu na ukwaju vilikuwa silaha za wanawake na watumishi waliopigana kila siku na weusi wa moshi na ukungu wa kijani. Kung'aa kwa shaba kulikuwa kipimo cha heshima ya nyumba, lakini aliyelipa gharama ya heshima hiyo alikuwa mwenye kuinama penye majivu.

Visu navyo vilikuwa na msiba wao. Kisu cha chuma cha pua cha zamani kilishika makali mema, lakini tone la ndimu lilikitia weusi, na usiku mmoja wa unyevu ulikitia kutu. Huko Uingereza katika karne ya 19, nyumba za matajiri ziliweka vijana ambao kazi yao ilikuwa kusugua visu kwa unga wa matofali au wa msasa baada ya kila mlo, na zikabuniwa mashine za kuzungushwa kwa mkono kwa kazi hiyo tu. Samaki aliliwa kwa visu vya fedha, kwa kuwa ndimu aliyotiliwa ilikuwa adui wa chuma. Ndiyo kusema kwamba kutu haikuwa jambo dogo la wataalamu; ilikuwa kodi iliyotozwa kila siku, na walioilipa ni wale walio chini kabisa katika ngazi ya nyumba.

Dawa ya ugonjwa huo ilikuwa imelala kwa muda mrefu mbele ya macho ya wenye elimu. Mwaka 1797, Nicolas-Louis Vauquelin, mkemia wa Kifaransa, aligundua kromiamu katika jiwe jekundu lililotoka Siberia. Mwaka 1821, Mfaransa mwingine, Pierre Berthier, aliona kwamba chuma kilichochanganywa na kromiamu hustahimili asidi, naye akafikiri kwamba huenda kikafaa kwa visu. Lakini mchanganyiko wa siku zile ulikuwa na kaboni nyingi, ukavunjika kama kigae. Mwaka 1892, Robert Hadfield wa Sheffield, mtu mwenye sifa kubwa katika elimu ya vyuma, alijaribu tena, akapima kwa asidi kali ya salfuriki, akatoa hukumu kwamba kromiamu hupunguza uwezo wa chuma kujikinga. Kipimo chake kilikuwa kweli kwa asidi ile, lakini hukumu yake ilikuwa pana kuliko kipimo. Hapa pana funzo kwa kila mtafiti: swali moja likiulizwa kwa ukali mno laweza kuziba masikio ya watu wasisikie jibu la maswali mengine. Haikuwa mpaka mwaka 1911 ndipo Philipp Monnartz, mtaalamu wa Kijerumani, alipochapisha maelezo ya kutosha, akionyesha kwamba kromiamu ikifika kiasi cha asilimia 12 chuma hubadili tabia, na kwamba hewa yenye oksijeni, ambayo ni adui wa chuma cha kawaida, kwa chuma hiki ni rafiki.

Elimu hiyo ilihitaji mtu wa kuitoa katika vitabu na kuitia jikoni. Mtu huyo alikuwa Harry Brearley, aliyezaliwa Sheffield mwaka 1871, mtoto wa mfanyakazi wa tanuri la kuyeyushia chuma. Mji wa Sheffield uliishi kwa visu tangu zama za kati, na karne ya 18 ulipata sifa zaidi kwa chuma cha pua cha Benjamin Huntsman kilichoyeyushwa katika vyungu vya udongo. Brearley alizaliwa katika umaskini wa mji huo, akaacha shule akiwa na umri wa miaka 12, akaingia katika kiwanda cha Firth alikofanya kazi baba yake. Baadaye alipelekwa katika maabara ya kiwanda. Hakupelekwa kuwa mwanafunzi. Alipelekwa kuosha chupa. Katika kuosha alitazama, katika kutazama aliuliza, na usiku alisoma. Miaka ikapita, akawa mkemia, akafanya kazi hata Riga katika milki ya Urusi, na mwaka 1908 akawekwa kuwa mkuu wa maabara mpya ya uchunguzi iliyoundwa na viwanda viwili, cha Brown na cha Firth.

Mwaka 1912 aliletewa tatizo lisilohusu chakula kamwe. Mitutu ya bunduki ililiwa upesi na moto wa baruti, na watengenezaji wa silaha walitaka chuma kitakachodumu. Brearley alianza kujaribu vyuma vyenye kromiamu, na tarehe 13 Agosti 1913 kikamiminwa chuma chenye asilimia 12.8 ya kromiamu na asilimia 0.24 ya kaboni. Hadithi ipendwayo na wengi husema kwamba alikitupa katika lundo la vyuma vibovu, na baada ya miezi akaona kipande kimoja kinang'aa katikati ya kutu. Hadithi hiyo ni tamu, lakini kazi ya maabara huonyesha njia iliyo nyofu zaidi. Mtaalamu wa vyuma hupaka asidi juu ya kipande kilichosuguliwa ili atazame umbile lake kwa hadubini. Chuma hiki kilikataa kuliwa na asidi kama desturi. Mtu mwingine angeona ni usumbufu. Brearley aliona ni habari. Alijaribu siki na maji ya limau, na chuma kikabaki cheupe. Hapo akili yake iliondoka katika bunduki, ikaenda mezani.

Methali husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini chema hiki kilitembezwa kwanza. Wakuu wa kiwanda hawakuvutiwa sana na habari ya visu. Mafundi waliopewa chuma kile walilalamika kwamba ni kigumu kufuliwa na kunolewa, na wenye dhihaka wakamwita Brearley mbuni wa visu visivyokata. Ndipo alipokutana na Ernest Stuart, msimamizi katika kiwanda cha visu cha R. F. Mosley mjini humo, ambaye baada ya majaribio machache alipata kujua joto lifaalo kukifulia. Brearley alikuwa akikiita chuma kisicho kutu. Stuart, baada ya kukilaza kisu ndani ya siki, alikiita chuma kisicho doa, na jina la Stuart ndilo lililoshinda katika Kiingereza. Kiswahili, bila kukusudia, kimesimama upande wa Brearley, kwani husema kisichoshika kutu. Na Kiswahili kimepatia, kwa sababu doa chuma hiki hushika, kama kila mpishi ajuavyo.

Nani basi alikuwa wa kwanza? Swali hili lilileta uchungu mwingi. Mwezi Oktoba 1912, kabla ya jaribio la Sheffield, kiwanda cha Krupp mjini Essen kilikuwa kimekwisha omba hataza kwa chuma cha kromiamu na nikeli, kazi ya Eduard Maurer na Benno Strauss. Huko Marekani Elwood Haynes naye alikuwa ametengeneza chuma cha jinsi hii na kudai haki yake. Brearley mwenyewe aligombana na waajiri wake juu ya nani mwenye uvumbuzi, akaondoka, na mwaka 1916 akapata hataza ya Marekani. Hukumu ya haki ni kwamba hapakuwa na baba mmoja. Wafaransa walipanda, Wajerumani walieleza na kuunda, Mwingereza aliyeanza kwa kuosha chupa alitambua mahali pa kukitumia. Utambuzi nao ni uvumbuzi, kwa maana kitu kisichojulikana kazi yake hakina tofauti na kitu kisichokuwapo.

Vita vya 1914 hadi 1918 vilikivuta chuma hicho katika injini za ndege, na visu vikangoja. Baada ya amani, chuma chenye nikeli kikachukua uongozi. Mwaka 1924, W. H. Hatfield, mrithi wa Brearley katika maabara ya Sheffield, alileta mchanganyiko wa asilimia 18 ya kromiamu na 8 ya nikeli, ambao kiwanda kiliuza kwa jina la Staybrite. Chuma hiki cha pili hakishiki makali kama cha Brearley, lakini hukunjwa, huvutwa na kuungwa kwa moto bila kuvunjika. Basi kikafaa kwa masinki, meza na masufuria. Hesabu hiyo ya 18 na 8 imebaki mpaka leo kuwa msingi wa vyombo vingi vya jiko kubwa.

Habari hii haikuishia Ulaya. Kromiamu nyingi ya dunia huchimbwa kusini mwa Afrika, katika nchi za Afrika Kusini na Zimbabwe. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wachache wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru wao wenyewe bila ya wenyeji walio wengi. Mwezi uliofuata Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya jambo hilo. Mwaka 1966 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikataza ununuzi wa bidhaa kadha za Rhodesia, na kromiamu ilikuwamo. Lakini mwaka 1971 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuruhusu kromiamu hiyo kuingia nchini mwao, na ruhusa hiyo haikufutwa mpaka 1977. Kwa miaka hiyo, madini yaliyotoka katika nchi ambayo mchimbaji wake hakuwa na kura yaliweza kuingia katika tanuri za mataifa yaliyosema yanaipinga dhuluma ile. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Sahani inayong'aa haionyeshi historia yake, ila kwa mwenye kuuliza.

Sasa yafaa kueleza siri ya mng'ao huo, maana ndani yake imo sheria yote ya kukitunza. Chuma hiki si kwamba hakiguswi na hewa. Huguswa mara moja. Kromiamu iliyo juu yake hushikana na oksijeni, ikafanya utando mwembamba usioonekana, wenye unene wa sehemu chache tu za milioni za milimita moja. Kutu ya chuma cha kawaida ni gamba linalobanduka na kufungua njia kwa kutu nyingine. Utando wa kromiamu hukaza na kufunga njia. Ukikwaruzwa, hujirudisha wenyewe, kwa sharti kwamba hewa iufikie na uso wa chuma uwe safi. Kwa hiyo kusafisha si pambo. Kusafisha ni kukifungulia chuma mlango wa hewa kipate kujiponya.

Adui wa kwanza wa utando huo ni chumvi. Kloraidi iliyomo ndani ya chumvi hutoboa utando penye nukta moja, na tundu likianza huzidi kwenda chini, huku uso wa chombo ukionekana mzima. Mpishi atiaye chumvi nyingi katika sufuria ya maji baridi, ikakaa chini bila kuyeyuka, hupanda mbegu za matundu. Afadhali aitie maji yakichemka na kukoroga. Dawa za klorini, ambazo hutumiwa kuua vijidudu, zina ubaya huo huo zikiwa kali au zikiachwa muda mrefu. Zinapotumiwa, ziwe kwa kipimo, kwa dakika chache, kisha zioshwe zote. Penye upepo wa bahari, kama Unguja, Mombasa au Dar es Salaam, chumvi huja yenyewe hewani, na vyombo vilivyowekwa barazani huota madoa ya rangi ya chai. Kwa mahali kama hapo kuna chuma chenye molibdenamu kiasi cha asilimia 2 hadi 3, chenye kustahimili zaidi. Lakini hata hicho hakisamehe uvivu.

Adui wa pili ni chuma mwenziwe. Mtu akisugua sinki kwa sufu ya chuma cha kawaida, huacha chembe ndogo zilizonasa katika mikwaruzo. Kesho chembe hizo hushika kutu, na mwenye jiko hulalamika kwamba ameuziwa chuma cha bandia, kumbe kutu si ya sinki, ni ya kisuguo. Adui wa tatu ni kituo: maji yaliyotuama, kitambaa kibichi kilichosahauliwa juu ya meza, chakula kilichogandamana pembeni. Chini ya vitu hivyo hewa haipiti, na utando hauna wa kuujenga.

Basi kanuni za usafi ni chache, na kila moja ina sababu yake. Chombo kioshwe kila siku kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, kwa kitambaa au dodoki, si kwa kitu cha kukwaruza. Mkono ufuate mwelekeo wa mistari midogo iliyo katika uso wa chuma, kwa maana mkwaruzo unaokata mistari hiyo huonekana daima na huficha uchafu. Chakula kilichoungua kilowekwe katika maji ya moto yenye soda ya kuokea mpaka kilegee, kisichokolewe kwa kisu. Ukoga mweupe wa maji magumu huondolewa kwa siki iliyochanganywa na maji, kisha siki nayo huoshwa. Kila dawa iliyopita juu ya chuma ifuatwe na maji safi, na maji safi yafuatwe na kitambaa kikavu. Kukausha ndiko hudharauliwa kuliko yote, nako ndiko humaliza kazi, kwa kuwa tone la maji likikauka lenyewe huacha chumvi zote lililozibeba.

Mjini New York, kilele cha jengo la Chrysler kilivikwa chuma cha jinsi hii, na jengo likakamilika mwaka 1930. Kilisafishwa mwaka 1961, kisha mwaka 1995, na bado kinang'aa. Wenye haraka huweza kusema kwamba huo ni ushahidi kuwa chuma hiki hakihitaji kuoshwa. Lakini kilele hicho kina mwoshaji asiyelala: mvua humwagika juu yake na kuchukua vumbi na chumvi, na upepo hukikausha. Jikoni hakuna mvua. Kuna mafuta, mvuke, nyanya, ndimu na chumvi, toka alfajiri hata usiku. Mvua ya jikoni ni mtu.

Mtu huyo mara nyingi ndiye mwenye mshahara mdogo kupita wote walio chini ya paa lile. Wageni humsifu mpishi kwa ladha, na mwenye hoteli kwa fahari ya vyombo vyake. Mwoshaji hana anayemuuliza jina. Na pengine chuma kipya kimemwongezea upweke: fundi wa bati alionekana akija na mvukuto wake, na kazi yake ilijulikana kuwa kazi, mwoshaji wa stenlesi hudhaniwa kuwa anafanya jambo ambalo chuma kingelijifanyia chenyewe. Historia inakanusha dhana hiyo. Ulinzi wa chuma hiki hujengwa upya kila siku juu ya uso uliosafishwa, na anayeusafisha ana fungu katika ugunduzi wa Vauquelin, Monnartz na Maurer sawa na fungu la mkulima katika mbegu njema.

Harry Brearley alifariki mwaka 1948 akiwa mtu mwenye jina na mali. Alikuwa amepata nishani ya dhahabu ya Bessemer mwaka 1920, heshima kuu kwa watu wa chuma. Lakini cheo chake cha kwanza katika maabara kilikuwa kile kile cha kijana anayesimama leo mbele ya sinki, mikono yake imo katika povu. Si kila mwosha vyombo atakuwa mvumbuzi, na hailazimu awe. Yatosha ijulikane kwamba yeye ndiye mlinzi wa mapatano, na kwamba mlinzi hustahili ujira na heshima ya kazi yake.